ILE NYUMBA YA MZUNGU JUU YA KILIMA: TUIVUNJE AO TUPOKEE WAGENI?



Katika likizo ya Pasaka, sisi wanafunzi sita wa darasa la sita tulitembea kwa miguu hadi kilima kimoja upande wa Lubero, kwao na mwenzetu mmoja. Tulikwenda kusaidia kuvuna viazi. Lakini tulirudi na kazi nyingine kichwani, na hiyo kazi njo tunaieleza leo.

Juu ya kile kilima kuko nyumba ya zamani ya shamba. Iko ya matofari ya kuchoma, na barza mbele, na moshi wa kale ungali umepaka ukuta weusi juu ya mahali pa moto. Nyuma kuko hangari ndefu ambamo walikuwa wanakausha mavuno. Mzungu aliyeijenga aliondoka. Tarehe 30 Novemba 1973 Serikali ya Zaire ilitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa wananchi, na babu wa mwenzetu akapokea lile shamba. Babu alipokufa, wana wake wawili walibaki, na nyumba ikabaki na popo.

Baba mkubwa wa mwenzetu anataka kuivunja. Anataka kuuza manjanja, mbao na matofari. Tulipomwambia kwamba nyumba kama ile ingeweza kupokea wageni, alicheka kidogo, kisha akasema: "Batoto bangu, wageni gani? Mutalisha huyu mutoto na wageni? Minervali ya université nani atalipa? Manjanja njo iko na bei leo."

Hatukuwa na jibu. Kwa kweli ile pesa ni ya kumlipia mwenzetu masomo baada ya egzamene ya Serikali. Si mzee mbaya. Lakini mwishoni alisema: "Muniletee karatasi yenye hesabu. Nitangoja mpaka mwisho wa kiangazi. Nisipoona karatasi, nitapanda na nyundo."

Basi tuliuliza mafundi wa Butembo, tukasoma, tukabishana usiku katika dortwari hadi surveya akazima taa. Haya hapa ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa ajili ya mzee, lakini pia kwa ajili yenu, kwa maana nyumba za namna hii ziko kwenye vilima vingi vya kwetu.

1. JE, WENGINE WALIKWISHA KUFANYA?

Ndiyo. Tuanze na Karatu, Tanzania, karibu na Ngorongoro. Mwaka 1929 walowezi Wajerumani walijenga nyumba ya shamba la kahawa kwenye mteremko, pale msitu unapoanzia. Mwaka 1948, baada ya vita ya pili, Mwingereza James Gibb alilinunua lile shamba. Mwaka 1972 yeye na mke wake Margaret walianza kupokea wageni katika nyumba yao. Hawakuivunja. Waliendelea kulima kahawa, wakaongeza bustani ya mboga, na wageni wakala mboga zile. Kutoka pale mgeni hutembea na kiongozi msituni hadi maporomoko ya maji, na hadi mapango ambayo tembo wameyachimba kwa pembe zao wakitafuta udongo wenye chumvi. Mpaka leo mahali pale panaitwa Gibb's Farm na pamejulikana mbali.

Angalieni mambo matatu. Shamba halikuachwa. Nyumba haikugeuzwa kuwa kitu kingine. Na msitu wa jirani ndio unaomfanya mgeni alale usiku wa pili.

Mfano mwingine uko Amani, katika milima ya Usambara, Tanzania vilevile. Wajerumani walikuwa na reli ndogo iliyofika Sigi. Reli ilikufa, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ilitengenezwa upya, na leo ndiyo mahali pa kupokelea wanaokuja kuona msitu wa hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997.

Na karibu zaidi, ng'ambo ya mpaka, Kisoro katika Uganda. Mwaka 1955 Mjerumani Walter Baumgärtel alichukua nyumba ndogo ya wageni iliyoitwa Travellers Rest. Hakuwa na kitu kikubwa. Alikuwa na vitanda, chakula, na watu wa pale wenye kujua njia za gorila kwenye mlima Muhavura. Wataalamu walikuja kulala kwake. Mwaka 1967 Dian Fossey, alipolazimika kuacha kambi yake ya Kabara upande wa Kongo, alifika pale pale.

Hata kwetu jambo hili si geni. Wakati wa Wabeleji kulikuwa na jiti, nyumba ya kulala watu wa safari ya kazi, ndiyo maana wazee mpaka leo wanasema "kulala ku jiti". Na baada ya ekspedisyo ya mwaka 1932 iliyoongozwa na Xavier de Grunne, njia ya kupanda Ruwenzori kutoka upande wa Mutwanga iliwekewa vibanda vya kulala: Kalonge, Mahangu, Kiondo. Mbao chache, paa, na maji karibu. Yule aliyepanda na mvua mgongoni hakudai zaidi.

2. WAGENI GANI?

Hili ni swali la mzee na ni swali la haki. Hatutadanganya. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa katika mashamba na vijiji vyao, na wengi wetu hapa shuleni tuko na jamaa waliokimbia. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1979, imewekwa katika orodha ya hatari tangu mwaka 1994. Mtalii wa Ulaya hatapanda kilima chetu kesho. Anayejenga kwa kumngojea huyo atangojea mpaka manjanja ioze.

Lakini mgeni si mzungu tu. Tuliandika majina ya watu ambao tumewaona wenyewe wakitafuta mahali pa kulala katika ile njia: wauguzi wanaokwenda kuchanja watoto, wainspekta wa shule, wachungaji na kwaya wanaokwenda semina, wafanyabiashara wa viazi na vitunguru ambao lori yao imekwama, ndugu zetu wanaorudi kutoka Kampala kwa mazishi ao kwa harusi, wanafunzi wa kilimo. Hawa wote leo wanalala kwenye benchi ya kanisa ao ndani ya lori. Hao ndio wa kwanza. Mtalii akija siku ya amani, atakuta kitanda kimekwisha kutandikwa.

Tukumbuke yule mwanamke wa Shunemu aliyemtengenezea nabii Elisha chumba juu ya nyumba yake: kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne. Sisi tungeongeza ndoo ya maji, basi.

3. ANGALIA KABLA YA KUGUSA

Fundi mmoja mzee alitufundisha kwamba nyumba ya zamani ni kama mgonjwa: usimpe dawa mbele ya kumuuliza anaumwa wapi.

(a) Paa kwanza. Maji ndiyo adui wa kwanza. Nyumba yenye paa nzuri na kuta mbaya inapona. Nyumba yenye kuta nzuri na paa mbovu inakufa. Panda, hesabu matundu. Choma mbao za paa kwa kisu: kikiingia kama katika ndizi, mchwa amekwisha kula, badilisha ile mbao.

Hapa kuko onyo kubwa. Nyumba nyingi za zamani za wakoloni ziliezekwa kwa eterniti, yaani vile vibati vya kijivu vyenye kuvunjika kama sahani. Ndani yake kuko nyuzi za amianti. Mtu akizikata kwa msumeno ao kuzivunja kwa nyundo, vumbi linaingia katika mapafu na ugonjwa unaweza kutokea miaka 20 ao 30 baadaye. Usizikate, usizivunje, usizisugue. Zikiwa nzima, ziache. Zikipaswa kutoka, zilowanishwe maji, ziteremshwe nzima, zizikwe mbali na chemchemi. Nyumba yetu iko na manjanja ya kweli, lakini choo cha nyuma kimeezekwa eterniti. Mzee alikuwa anataka kukivunja kwanza! Kwa sababu hiyo peke yake tunafurahi kwamba tulikwenda.

(b) Nyufa. Ufa mwembamba wa plasta si kitu. Ufa unaopita katika matofari kwa mshazari, kutoka kona ya dirisha hadi chini, ni ugonjwa wa msingi. Ili kujua kama ungali unatembea, paka kipande cha plasta juu ya ufa, andika tarehe, ngoja msimu wa mvua. Mafundi wanaita kile kipande "shahidi". Kikipasuka, ukuta unatembea. Tumeweka mashahidi watatu.

(c) Unyevu. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, maji yaende mbali na msingi. Na sikieni: kuta za zamani zilizojengwa kwa udongo ao chokaa zisipakwe simenti. Simenti inafunga, maji yanabaki ndani, tofari linaoza. Paka chokaa. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua, tena bei yake si kama ya simenti.

(d) Popo. Wako mingi sana katika plafo. Hapa Butembo hatuwezi kusema juu ya popo bila kukumbuka Ebola. Epidemi ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 2.287 walikufa, na Katwa na Butembo zililia sana. Wataalamu wanadhani kwamba virusi hukaa katika popo. Basi hakuna kushika popo kwa mkono, hakuna kula, na mavi yao yalowanishwe maji kabla ya kuyaondoa, ukiwa umefunika mdomo na pua. Lakini hakuna pia kuwachoma moto. Popo wadogo wanakula mbu na wadudu wa shamba. Ngoja watoto wao wakue waweze kuruka, kisha jioni, wote wakiwa wametoka kutafuta chakula, ziba matundu. Watatafuta mti.

4. MAJI, CHOO, MOTO

Mgeni atasamehe kitanda kigumu, hatasamehe choo kibaya. Choo kikae chini ya chemchemi kwa mteremko, na mbali nayo, si chini ya metre 30.

Maji ya mvua ni mali ambayo tunaiacha ipite. Hesabu ni nyepesi: milimetre moja ya mvua juu ya metre moja ya mraba ni litre moja. Paa ya nyumba yetu ni karibu metre 100 za mraba. Mvua ya milimetre 20, ambayo kwetu ni mvua ya alasiri moja tu, inatoa litre 2.000. Hata tukipoteza moja ya tano, litre 1.600 zinabaki. Kinachohitajiwa ni mfereji wa paa na tanki. Tuliona mama wa pale akipanda kilima mara nne kwa siku na bidoni kichwani, na maji ya bure yakimwagika pembeni ya nyumba.

Kwa moto, fanya jiko lililofungwa kwa udongo, linakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu. Kwa taa, jua linatosha: paneli ndogo na betri. Jenereta hapana. Itakula faida yote na kufukuza ndege wote.

5. KITU GANI MGENI ATAANGALIA?

Watu wa pale walituambia: "Hapa hakuna kitu." Tulikaa barzani asubuhi moja tukaandika. Tuliona kulukulu, yule ndege ambaye akiruka mabawa yake yanawaka mekundu. Tuliona kinyonga wa pembe tatu, ambaye watoto walimkimbia wakisema ni mkosi. Hana sumu, anakula nzi. Nyuma ya hangari kuko kipande cha msitu wa kienyeji ambacho babu alikataza kukatwa. Ndani yake kuko mti wa prunusi, ule ambao maganda yake yananunuliwa Butembo na kupelekwa ng'ambo kwa dawa ya wanaume wazee wenye shida ya kukojoa. Mingi ya miti hii imekufa kwa kuchunwa pande zote. Tangu mwaka 1995 biashara yake iko chini ya sheria ya mataifa. Ule wa babu ungali mzima, na mbegu zake zinaota chini yake. Tulihesabu miche 31.

Na siku ya anga safi tunaonyeshwa kwa mbali Tshiaberimu, mlima wa roho, ambako gorila wachache wangali wanaishi. Mwaka 2024 gorila majike wanne, yatima waliolelewa katika kituo cha Kasugho, waliachiliwa kule wakajiunge na wale wa msituni. Watu wetu wenyewe waliwalea. Ni wangapi kati yetu tunajua habari hii? Tunajua simba wa Kenya kwa picha, lakini gorila wa Lubero hatuwajui.

Basi kazi ya kwanza ya bustani ni kuacha. Acha kile kipande cha msitu. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwa maana inakunywa sana. Panda miche ya prunusi mahali pa mikaratusi iliyokatwa. Chora njia moja ya miguu, si kumi.

6. KARATASI YA ARDHI

Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na mtu anapata haki ya kuitumia. Haki hiyo inashikiliwa na sertifika iliyoandikwa kwa konservatere wa ardhi. Kukaa miaka 40 si sertifika. Karatasi ya babu inasema jina la babu, na babu amekufa. Kabla ya kununua msumari mmoja, ndugu wawili wapaswa kukaa pamoja, mbele ya familia na chifu, waandike nani na nani wana haki. Bila hiyo, siku nyumba itakapoanza kupata pesa, ndipo vita itakapoanza. Tumeona mifano, msituulize majina.

7. HESABU YA MZEE

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Hizi ni hesabu za mfano, kila mtu abadilishe kwa bei ya kwake.

Tuseme vyumba 3, na kila chumba kinapata mgeni siku 6 katika mwezi. Tuseme mgeni analipa dola 10 pamoja na chakula cha jioni. Ni 3 x 6 x 10, jumla dola 180. Tuondoe chakula 50, mpishi 45, mlinzi 45, sabuni na mafuta 10. Inabaki dola 30. Na katika hizo 30, 10 ziwekwe kando kwa paa. Basi familia inapata dola 20 kwa mwezi.

Tulihesabu mara tatu, tukitumaini kwamba tumekosea. Hatukukosea. Dola 20 haziwezi kumlipia mwenzetu université. Mzee alikuwa na haki.

Usiku ule tulinyamaza, na mwenzetu mwenyewe njo alizungumza wa kwanza. Alisema: "Nyumba si manjanja yote. Hangari je?" Hangari haitakuwa chumba cha wageni hata siku moja. Iko na manjanja 90. Thelathini mazuri yatengeneze paa ya nyumba kubwa. Yale 60 yauzwe pamoja na mbao zake, na pesa hiyo imuandikishe mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hatujui. Lakini mzee pia, akiuza yote leo, mwaka wa pili hatakuwa na kitu cha kuuza. Manjanja inauzwa mara moja. Kitanda kinauzwa kila usiku, ingawa kwa pesa kidogo.

Ndiyo karatasi yetu. Chumba kimoja kwanza, si vitatu. Mwaka mmoja wa kujaribu, daftari la hesabu mikononi mwa mama wa nyumba, kwa maana yeye ndiye atakayepika. Sisi tutatoa salongo ya wiki mbili baada ya egzamene: mfereji, chokaa, njia ya miguu. Mchanga utashuka kutoka barabara kwa chukudu.

Mwenzetu ataipeleka karatasi hii kwa mzee mwenyewe, kwa mikono miwili. Labda ataikataa. Hata hivyo ninyi mlio darasa la tatu na la nne, mnaporudi likizoni, mpitie zile nyumba za zamani za kwenu. Msianze na nyundo. Anzeni na kisu kidogo cha kuchoma mbao, kipande cha plasta chenye tarehe, na daftari la ndege. Kisha mtuletee habari, buletini itaziandika.

Tunawasalimu wote, na tunawaomba mtukumbuke katika maombi wakati wa egzamene.

Kwa niaba ya wenzetu sita,
Kapita wa wanafunzi, darasa la sita